Kanga Bubu ya Shangazi

Wiki ile nzima nililala vibaya kwa sababu ya nguo ambayo haijakatwa. Ilikuwa doti ya kanga, vipande viwili vikiwa bado vimeungana kama vilivyotoka kiwandani. Shangazi yangu alinipa, akasema, "Fanya unavyoona." Angesema nikate, ningekata. Angesema nitunze, ningeifunga kwenye nailoni na kuilaza chini ya godoro. Lakini kumwambia mtu kama mimi afanye anavyoona ni kumtesa. Mimi naona njia zote mbili, kisha naona ya tatu, kisha naanza kuionea aibu kila moja.

Nikiikata, naharibu kanga ya mwisho ya aina yake. Nisipoikata, namnyima shangazi jambo alilolingoja tangu kabla sijazaliwa. Naye alikuwa anaondoka Jumamosi, anarudi Bukoba moja kwa moja, kwenye nyumba aliyojengewa na mwanawe, kwa sababu magoti yake yamechoka na ngazi na mitaro ya Kinondoni.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Ukoo wetu ni watu wa kanisani, na siku binti wa kwanza alipopata nafasi ya serikali kwenda kusoma Moscow, kila mtu aliamini angerudi daktari. Yeye alipelekwa kusoma nguo. Bibi yangu alisikitika kwa miaka. Alikuwa akiulizwa binti yake anasomea nini huko kwenye baridi, anasema, "Wanamfundisha mambo," anabadilisha mazungumzo.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, kabla nchi ile haijasambaratika. Hostelini shangazi alipangwa chumba kimoja na binti wa Kirusi aliyesoma naye darasa moja, msichana mrefu mwenye sauti nzito, ambaye alikuwa akifua nguo huku akiimba vibaya. Shangazi akimzungumzia hamtaji jina. Anasema "mwenzangu" tu, na nilipokuwa mdogo nilidhani ni neno la Kirusi.

Jumapili moja mwenzake alimpeleka kwenye nyumba ya ghorofa pembezoni mwa mji, kwa mtu aliyeishi kwa kuchora picha za vitabu vya watoto. Hiyo ndiyo kazi iliyompa mshahara. Kazi yake mwenyewe hakuweza kuionyesha popote, kwa sababu kumbi zote zilikuwa za serikali na serikali ilitaka picha za wafanyakazi wanaotabasamu. Kwa hiyo aliionyesha jikoni. Watu walikuja wachache, mmoja na matango ya chumvi, mwingine na mkate, wakakaa juu ya kreti na kingo za beseni. Mwenyeji akatoa mbao alizoandika maneno ya kawaida kabisa ya nyumba za kuchangia jiko na bafu: birika hili la nani, nani kaacha bomba wazi, zamu ya kutoa taka ni ya chumba kipi. Watu waliziangalia mbao zile kama sisi tunavyoangalia picha za marehemu.

Mwishoni aliingia uvunguni mwa meza, akavuta kitambaa chekundu kirefu. Kilikuwa sawa na vile vilivyotundikwa kwenye kila jengo la mji ule vikiwa na kaulimbiu za chama. Tofauti ni kwamba mahali pa maneno palikuwa na utepe mweupe mtupu. Wote wakasogea kukiangalia. Kisha mzee mmoja akaanza kucheka polepole, na kicheko kikazunguka jiko zima, cha chinichini, kwa sababu kuta zilikuwa nyembamba.

"Sikuelewa kitu," shangazi aliniambia. "Nilidhani rangi imemwishia."

Wakati wa kurudi, kwenye treni, mwenzake alimuuliza, "Zile kaulimbiu zilizo nje ya hosteli yetu zinasemaje?" Shangazi akajaribu kukumbuka, akashindwa, na alikuwa akipita chini yake kila asubuhi. "Mimi pia siwezi," mwenzake akasema. "Nimezisoma tangu utoto mpaka hazionekani tena. Leo nimeziona."

Sanaa ya namna hiyo, ambapo wazo ndilo kazi yenyewe na rangi ni chombo cha kulibebea tu, huitwa sanaa ya dhana. Mimi niliisoma chuoni. Niliandika tasnifu juu yake, nikiwa na mwalimu ambaye aliniuliza mara nyingi mambo hayo ya Warusi yananihusu nini. Nilikuwa najibu kwa nadharia. Jibu la kweli ni kwamba nililelewa na jiko lile. Likizo zote nilizopelekwa kwa shangazi, wakati binamu zangu wanaangalia katuni, mimi nilikuwa namuuliza tena habari za mzee aliyecheka.

Alinisimulia pia mizizi ya mambo hayo, nayo ilikuwa kwenye nguo. Katika stoo ya chuo chao mwalimu mmoja wa kike aliwafungulia droo zenye vipande vya vitambaa vya miaka ya ishirini: duara, mistari, meno ya mashine, miraba juu ya miraba. Vilichorwa na wasanii ambao, mapinduzi yalipokuja, walikuwa wameshaondoa kila kitu kwenye picha, miti, nyuso, anga, mpaka mmoja wao akabaki na mraba mweusi kwenye kitambaa cheupe. Akautundika juu kwenye kona ya chumba, mahali ambapo Warusi huweka picha takatifu. Baada ya hapo wengine wakajiuliza nani atakwenda kuangalia picha ukutani, na nguo kila mtu anavaa. Wakaacha brashi, wakaingia viwanda vya nguo. Haikudumu. Amri ikaja, michoro ikafungiwa. Watu wa jikoni walikuwa wajukuu wa hao. Waliwapenda na kuwacheka kwa pamoja, kwa sababu wao waliona ndoto ile iliishia wapi.

Shangazi aliporudi likizo alimweleza bibi habari za mraba mweusi. Bibi alitazama kona ya sebule yake, palipokuwa na picha ya Yesu na kalenda ya dayosisi, akauliza, "Sasa Yesu wakamhamishia wapi?" Shangazi hajapata jibu hadi leo. Anasema katika wote aliowasimulia, bibi peke yake ndiye aliyeuliza swali lenyewe.

Alipomaliza masomo aliajiriwa hapa Dar kwenye kiwanda cha nguo, chumba cha michoro. Walichora vitenge, mashuka, na zaidi kanga. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yale maneno ambayo mwanamke ananunulia kanga yake. Mchoraji aliacha kisanduku, na ofisi ya mauzo ilileta maneno. Basi siku moja shangazi alichora kanga ya pindo la miraba myeusi iliyoshikana, na mji mweupe wenye mistari myekundu myembamba iliyolala upande. Kisanduku cha jina alikizungushia mstari, akakiacha kitupu. Meneja wa uzalishaji aliidhinisha akijua maneno yatafuata. Ofisi ya mauzo ilijua mchoraji keshayapokea. Mashine ikawashwa.

Wafanyabiashara wa jumla walipoona marobota walirudi kiwandani wakiwa wakali. "Mmesahau kuandika." Shangazi akajaribu kueleza, mbele ya wanaume watano na kikombe cha chai mkononi, kwamba haikusahaulika. Mmoja akamkatiza, "Mama, mwanamke wa Pwani umuuzie kanga bubu? Ataipeleka wapi?" Wakacheka wote, na kicheko hicho, anasema, hakikufanana na kile cha jikoni. Marobota yakauzwa kama bidhaa yenye kasoro kwa mtu wa Buguruni. Shangazi akahamishiwa stoo ya nyuzi, na alikaa huko mpaka kiwanda kilipofungwa.

Alibaki na doti moja. Mpango wake ulikuwa kuikata, kipande kimoja avae yeye, kingine ampelekee mwenzake Moscow. Ndivyo marafiki wanavyofanya na doti. Akamwandikia kwanza kuuliza kama bado yuko kwenye anwani ileile. Hakujibiwa. Akaandika tena. Kisha redio ikatangaza kwamba nchi yenyewe haipo, na shangazi akaikunja kanga na kuiweka kabatini pamoja na majani ya mchaichai ya kufukuza nondo. Ilikaa humo ikingoja wa kugawana naye.

Hiyo ndiyo nguo aliyonipa akasema nifanye ninavyoona.

Sasa niseme na upande wangu. Mimi nimepanga chumba Temeke, nafanya kazi ya muda Kurasini kwenye ofisi ya mawakala wa forodha, naingiza taarifa za makontena kwenye kompyuta huku malori yakitikisa madirisha. Siilalamikii. Ila chuoni tulikuwa kikundi cha watu saba tulioapa kwamba tutakuwa na jiko letu. Hatukuwa na maana nyingine: chumba cha mtu, chai, kila mmoja alete alichofanya, wengine wakiangalie kwa makini. Baada ya mahafali mmoja akaenda Dodoma, mmoja anauza kava za simu Kariakoo, mmoja ameolewa Arusha. Kundi letu la WhatsApp limebaki la michango ya harusi na poleni za misiba. Kuna jioni natoka kazini na wazo limenijaa kifuani, nafungua simu, naangalia majina yale, naifunga. Nalitamani jiko ambalo sijawahi kuliona, la nchi ambayo haipo, kama mtu anavyotamani nyumbani.

Kati ya wale saba, mmoja alipata kazi kwenye ukumbi wa maonyesho mjini. Nilipomtumia picha ya doti alinipigia papo hapo.

"Usiikate," alisema. "Nakuomba kama nilivyokuzaa."

"Wewe ni mdogo kwangu."

"Basi kama ulivyonizaa wewe. Sikia. Tunaiweka ndani ya kioo, ikiwa imeungana hivyohivyo, halafu unaandika maelezo. Moscow, kiwanda, kila kitu. Watu watakuja. Tutakaa tuzungumze kama zamani."

Alijua pa kunishika. Kama zamani. Nikamwambia nitafikiria, na kufikiria ndiyo kazi ninayoiweza.

Nilifikiria hivi. Ndani ya kioo, kanga ya shangazi ingeheshimiwa hatimaye, na watu wenye subira wangekiangalia kile kisanduku kitupu jinsi walivyokiangalia kitambaa chekundu. Lakini wale wa miaka ya ishirini walitoka ukutani wakaenda kwenye nguo. Mimi naitoa nguo naipeleka ukutani. Lakini tena kama haitaonekana na mtu, ina faida gani? Lakini shangazi hakuwahi kutaka ionekane na watu wengi, alitaka kugawana na mtu mmoja. Lakini mtu huyo hayupo. Nilikwenda hivyo, lakini juu ya lakini, mpaka muadhini ananikuta.

Alhamisi ofisi ilifungwa mapema kwa sababu mtandao wa bandari ulikuwa chini. Nikarudi nyumbani mchana, nikaona doti inanuka kabati, nikaianika kwenye kamba ya uani. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Ni mtu wa hapahapa, Mzaramo, mjane, na sisi wapangaji wake tunamwita bibi. Mimi ananiita msomi, na hajawahi kulitamka neno hilo kama sifa.

"We msomi," alisema. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Ya shangazi yangu, bibi."

"Shangazi yako alikuwa na ugomvi na nani?"

Nikasema hakuwa na ugomvi na mtu.

"Mtu hana ugomvi ananunua hiyo? Hiyo si ndo ile bubu?"

Nilikuwa nimeshika vibanio vya nguo. Nakumbuka kwa sababu niliviangusha. Nikamuuliza ameijuaje.

"Nisiijueje wakati nimeivaa mie? Zilikuja Buguruni marobota. Muuzaji anazirusharusha, anasema mama zangu chukueni mkakatie nepi, zina makosa. Wakati huo bwana keshaniletea mwenzangu, kaniwekea chumba kile pale." Alionyesha kwa kidevu mlango wa mpangaji mwenye bodaboda. "Basi tunatukanana kwa kanga. Nikivaa hii nikapita, kesho naye kanijibu na ile. Kila mwezi kanga mpya. Bwana anasema wake zangu wanapenda kupendeza. Hajui kama anafadhili vita."

"Ukanunua ya bubu."

"Nilivyoiona nikasema, leo nimempata. Nikaifunga, nikapita uani na ndoo, huyo bombani. Nikarudi, nikapita tena. Kimya. Akaniangalia huku nyuma anatafuta maneno, hayaoni. Akamwita mtoto wake aliyekuwa anasoma shule, akamwambia nisomee ile ya mama mkubwa. Mtoto anasema, mama, hapana kitu. Akamwambia soma vizuri, shule tunakulipia za nini? Mtoto akalia."

Nilikaa chini kwenye ukingo wa baraza.

"Wiki nzima hakulala yule," bibi aliendelea, akipeta. "Angeona tusi angejibu. Sasa atajibu nini? Akaja mlangoni kwangu mwenyewe, akasema, dada, kumbe nimefika mahali ambapo hata kunitukana hutaki? Mie nikamwangalia tu. Siku ya pili naye kaenda Buguruni kanunua yake. Basi tukawa tunapishana hapo bombani mabubu wawili. Bwana akatoka kazini, akatuangalia, akasema, nyie leo mmeishiwa maneno? Mwenzangu akaanza kucheka. Nikajizuia, nikashindwa."

"Mkapatana?"

"Nani kakwambia tumepatana? Tulicheka. Ila baada ya pale ikawa siyo ya ugomvi tena ile kanga. Ikawa yetu." Aliuinamisha ungo, akatoa chuya. "Siku bwana alipofariki, nilitoka chumbani asubuhi wanawake washaanza kujaa uani. Nilikuwa nimejitupia hiyo. Nikamwona mwenzangu anatoka kwake, naye kajifunga hiyohiyo. Hatukuambizana. Tukakaa kwenye mkeka mmoja. Watu wanalia, wanasema hili na lile, sie tumekaa. Tungesema nini?"

Alirudi kwenye mchele. Nilimuuliza kanga zenyewe ziko wapi, na nadhani nilikuwa tayari nimeshapanga kumwomba nizione, nizipige picha.

"Ziko wapi tena? Zimeisha. Nimebebea wajukuu, nikavaa nikipika, mwisho nikapigia deki. Ya mwenzangu tulimfungia kiunoni alipokuwa anaumwa." Kisha akaitazama doti kwenye kamba kwa namna iliyonifanya nione aibu. "Hiyo yako mbona ndefu hivyo? Hujakata?"

"Bado."

"Unangoja nini? Huna wa kugawana naye?"

Alikuwa ananitania, na aliendelea na mchele wake kama kawaida. Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Ungedhani hapo mambo yameisha. Kwangu ndiyo yalianza upya. Shangazi aliamini kanga yake ilifia kwa mfanyabiashara wa Buguruni, ikakatwa nepi na watu wasiojua walichoshika. Kumbe hapa Temeke, umbali wa safari ya bajaji, kulikuwa na wanawake wawili walioisoma kuliko mtu yeyote. Lakini waliisoma kama pigo la mke mwenza. Shangazi ni mtu wa kwaya. Amezaa lakini hajaolewa, na kwenye vikao vya ukoo anasikia maneno ya kutosha kuhusu hilo. Nikimwambia wazo lake kubwa lilitumika kumnyima mwanamke mwingine usingizi, atafurahi au ataumia? Na ile habari ya msiba, je, nikiisimulia vibaya? Nilianza kuandika kwanza kwenye simu nitakavyomwambia, nikafuta. Niliona najitengenezea maelezo ya ukutani.

Ijumaa saa ya chakula nilitoka nje ya ofisi, nikasimama kwenye kivuli cha kontena, nikampigia rafiki yangu wa ukumbini.

"Haiji," nikamwambia.

"Nini haiji?"

"Kanga. Naikata leo."

Nikasikia mtu anapigilia misumari nyuma yake. "Unajua zimebaki ngapi kama hiyo?"

"Hakuna nyingine. Zote zimevaliwa zikaisha."

"Sasa si ndiyo maana nakwambia uiache?"

"Na mimi ndiyo maana nakata."

"Wewe umechoka," alisema, lakini hakusema kwa hasira. Kisha, kwa sauti ya chini, "Utanisimulia?" Nikamwambia aje Temeke Jumapili, nitapika chai, alete chochote anachokifanya siku hizi. Akasema hafanyi kitu. Nikamwambia alete hicho hicho.

Jioni hiyo nilimkuta shangazi amezungukwa na maboksi. Sebule yake ya Kinondoni ilikuwa na alama nyeupe ukutani mahali picha zilipokuwa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinuka, miguu ikiwa kwenye kigoda, akinituma nitoe hiki, nifunge kile, niache hicho ni cha jirani. Nilifanya kazi kwanza. Nilipoona najificha nyuma ya maboksi nikaacha, nikakaa mbele yake, nikamsimulia jinsi nilivyosimuliwa. Sikuongeza. Nilipofika kwa mtoto aliyeambiwa asome vizuri, shangazi aliweka mkono mdomoni.

"Akalia?"

"Akalia, shangazi."

Alicheka kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini, mabega yakitikisika. Sijawahi kumwona akicheka hivyo kwenye sherehe yoyote ya ukoo. Kisha nikamweleza ya msiba, na kicheko kikaondoka chenyewe.

"Mkeka mmoja," alisema.

"Ndivyo alivyosema."

"Na hawakuambizana."

"Hawakuambizana."

Akaangalia dirishani, nje ambako fundi gereji alikuwa anaita mtu amletee spana. "Mwenzangu angetaka kujua kila kitu," alisema. "Angeuliza mkeka ulikuwa wa rangi gani. Angeniuliza mpaka ningekasirika." Akajifuta uso na kiganja, bila haraka. "Nimekaa na hiyo nguo miaka yote nikidhani hakuna aliyenijibu."

Niliitoa kwenye mfuko, nikaikunjua juu ya maboksi. Ilikuwa ndefu kuliko sebule ilivyoruhusu, mwisho mmoja ukaangukia kwenye magoti yake.

"Hii upande mmoja ni wako," nilisema. Nilikuwa naongea kama mtu anayeomba mkopo. "Wa pili ulikuwa wa mwenzako. Hatujui aliko. Naomba uwe wangu."

Alinitazama kwa namna ambayo zamani ilikuwa inanifanya nikumbuke kama nimenawa. "Unajua lakini mambo ya kugawana doti? Siku ukinikosea sikupigii simu. Nitakuja nayo kutoka Bukoba nipite mbele yako."

"Na mimi nitatoka na yangu."

"Haya," alisema. "Mkasi uko kwenye boksi la vyombo."

Nikautafuta kati ya vikombe vilivyofungwa magazeti. Nilipima katikati kwa macho, nikaona nimekosea, nikapima tena. Pale mapindo mawili yanapokutana kuna ukanda mwembamba usiochorwa, na hapo nikatia mkasi, kidogo tu, kiasi cha kuanzia. Nikauweka chini. Nikamshikisha shangazi upande wake, nikashika wangu, tukavuta.